Muhuri wa Kutoka

Njau wa Muigai alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Pasipoti yake aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, pamoja na cheti cha shule ya jioni alichokipata akiwa na miaka arobaini na mitatu, enzi alipokuwa fundi wa mashine za kufuma nguo Thika. Kwa hiyo Jumanne ile, katika saiba moja mjini Ruiru, alimkabidhi Cindy, msichana wa kompyuta pale, pasipoti hiyo bila wasiwasi. Alitaka nakala tu, na barua ya hospitali ya Arusha ichapishwe.

Binti yake, Dianah, alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo huko Alhamisi, saa nane mchana. Mumewe, Mwendwa, ndiye aliyepiga simu.

"Baba, amekataa kutia sahihi. Anasema haingii chumba cha upasuaji kabla hajakuona. Na daktari anasema Alhamisi ikipita, haahidi kitu."

Cindy alifunua kurasa, akasimama kwenye moja.

"Guka, ulienda Tanzania 2019?" aliuliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Nilienda."

"Na muhuri wa kutoka uko wapi? Naona tu muhuri wa kuingia." Akacheka. "Kumbe bado uko huko! Sasa hapa naongea na nani?"

"Fanya kazi yako, msichana."

"Pole, Guka. Lakini hao watu wa mpakani siku hizi wana kompyuta. Haisahau."

Alasiri hiyo Njau alikwenda Thika, mtaa wa Landless, kwa Dalmas Ouma, rafiki yake wa siku za kiwandani, ambaye baadaye aliendesha malori kupitia Namanga miaka ishirini. Alimkuta kibarazani akipukuchua mahindi. Dalmas alipangusa mikono kwenye suruali, akaisogeza pasipoti mbali na macho ndipo akaweza kuisoma.

"Omera, rafiki yangu, ulitokea wapi?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Nikapitia njia ya nyuma ya maduka."

"Foleni! Wewe? Wewe uliyegoma kusaini rejista ya kiwanda wiki nzima kwa sababu wamekosea herufi moja ya jina lako?"

"Nilikuwa na haraka."

Dalmas alimrudishia pasipoti. "Basi kwao hujatoka. Walikupa miezi mitatu, wewe umekaa miaka. Wanaweza kukurudisha. Wanaweza kukuweka ndani. Mimi nimeona mtu mzima akilia pale." Akaokota hindi jingine. "Pita ulikopita. Namjua mtu wa pikipiki, dakika kumi uko ng'ambo."

"Na nikishikwa huko?"

"Hapo hutakuwa na la kujitetea, ndugu yangu."

Njau hakumwambia Dalmas ukweli, wala hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Siku ile hapakuwa na foleni.

Dianah aliacha chuo Juja akiwa mwaka wa tatu ili aolewe na Mwendwa. Njau, aliyesoma miaka tisa akisinzia juu ya daftari baada ya zamu, hakuweza kulimeza jambo hilo. Alipokwenda kuwatembelea Arusha alivumilia siku mbili. Jioni ya tatu alisema mezani, mbele ya wakwe, "Mimi sina binti." Kulipopambazuka alitoka kimyakimya akiwa na kandambili, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa kwenye chumba walicholala Mwendwa na mkewe, vikisubiri kupigwa rangi. Alipofika Namanga alimwona Mwendwa, mkwewe, mlangoni pa uhamiaji. Alikuwa amemtangulia kwa gari, akasimama pale na mfuko wa karatasi mkononi. Njau akajifunika koti la mvua, akazunguka nyuma ya maduka.

Jumatano nzima pale Ruiru, maneno ya Cindy hayakumwacha. Bado uko huko. Alipofumba macho alimwona mzee wa sura yake ameketi kwenye ile meza ya Arusha, sahani mbele yake, anayarudia maneno yale yale kila jioni, na hakuna wa kumwinua.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa Namanga. Mtu wa pikipiki wa Dalmas alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Njau alimtazama, kisha akaingia mlango wa uhamiaji.

"Shikamoo, mzee," afisa alisema.

"Marahaba."

Afisa alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililomtisha Njau.

"Mzee, hapa inaonyesha hujaondoka nchini."

"Niliondoka siku ya nne. Kwa njia ya nyuma."

"Kwa nini?"

Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake. Njau alishika ukingo wa kaunta. "Nilikuwa namkimbia mkwe wangu."

Mtu mmoja alicheka. Afisa hakucheka. "Nikiandika ninachokiona, unarudishwa leo. Kuna mtu aliyekuona ukitoka?"

Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye huenda alimwona. Njau alimpigia simu. Mwendwa akaondoka kando ya kitanda cha mkewe akaja, mwendo wa saa mbili, na wakati wote huo Njau alikaa kwenye benchi, pasipoti yake ikiwa upande wa pili wa kioo.

Saa saba kasoro robo Mwendwa aliingia akihema.

"Nilimwona," alimwambia afisa. "Alijifunika koti la kijani. Nilikuwa nimemletea viatu vyake. Nikaona hataki kuonekana, nikamwacha apite."

"Ulijua?" Njau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilijua, Baba. Dianah hajui."

Afisa alimwandikisha Mwendwa maelezo, akamtaka atie sahihi, kisha akaanza kuutafuta muhuri. Njau alitazama saa ya ukutani. Hata wakiruka, hawangefika saa nane.

Simu ya Mwendwa ikalia. Aliitoa, akaona ni hospitali, asithubutu kuipokea. Akamnyooshea Njau.

"Ipokee wewe."

Haikuwa sauti ya Dianah. Ilikuwa ya mwanamke asiyemjua, na nyuma yake watu walikuwa wakitembea haraka haraka.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Muhuri ulitua kwenye pasipoti.

"Mimi ni baba yake," Njau alisema.

"Subiri hapo hapo, mzee," mwanamke alisema. "Usikate. Nampelekea mgonjwa simu."