Mshanga wa Kinyozi

Mkono wa kinyozi una wazimu wake. Ukiona unywele mmoja umechomoza, hautulii mpaka uukate. Kinyozi wetu huyu, mwenye chumba kimoja cha kunyolea kati ya bucha na duka la vyombo, alikuwa amenyoa vichwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima ulikubali kwamba kwa kuchonga ukingo wa nywele hakuna wa kumfikia. Sasa mpe mtu kama huyo mti mdogo autunze, halafu kaa pembeni uone vituko.

Mti wenyewe kwao waliuita mshanga, kwa ajili ya matunda yake madogo mekundu yanayojazana kwenye matawi kama shanga kwenye uzi. Marehemu mama yao alikuwa amezungushia nyumba nzima ua wa mishanga. Miiba ilikuwa ya wezi, shanga zilikuwa za wanawe. Kila zilipoiva, mama alichukua sindano na uzi akamtungia binti yake mkubwa mkufu. Mama alipofariki nyumba ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akaleta tingatinga. Kinyozi alipofika, ua ulikuwa umeshalala chini wote. Akaokoa kisiki kimoja, kinene kama kifundo cha mkono wake, akakifunga kwa taulo la kazini na kuondoka nacho mbio.

Muuza maua ndiye aliyemfundisha kwamba kichaka kama kile kinaweza kuishi maisha yake yote ndani ya chungu kipana, kifupi kama sahani ya supu. Unakipunguza mizizi, unakikata matawi, kinabaki kimo cha paka aliyekaa huku kikizeeka kama mti mkubwa wa porini.

"Kinaitwa bonsai," alisema muuza maua.

Katika maelezo yote yale kinyozi alishika neno moja tu: kukata. Moyo wake ukatulia tuli. Kazi hiyo aliijua.

Aliyekuja juu ni dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata akikusalimia tu unajihisi umechelewa shule. Yeye alikuwa na bustani, na alitaka kisiki kikapandwe huko.

"Mti wa mama uuweke kwenye sufuria?" alimwambia. "Wewe mtoto una akili timamu?"

"Dada, ni chungu, si sufuria. Na aliyeuokoa ni mimi."

"Umeuokoa ili uutese. Haya, tusigombane msiba bado mbichi. Nakupa misimu mitatu. Mti wa mama ulikuwa mti wa kuzaa. Msimu wa tatu ukifika na sijaona shanga nyekundu mtini, kwa macho yangu haya, nakuja kuuchukua. Na usije ukanililia."

Kinyozi akakubali. Misimu mitatu aliiona mingi kweli kweli, maskini.

Msimu wa kwanza ukapita patupu. Alisema mti unauguza mizizi, na hapo alisema kweli. Msimu wa pili ndio uliomtia homa. Mshanga ulikuwa umepona, majani yanang'aa, umekaa dirishani kama mteja anayesubiri zamu yake. Kila jioni kabla ya kufunga, kinyozi aliunyunyizia maji kwa chupa ile ile ya kulowanishia nywele, akachukua mkasi wake mwembamba, akainama. Kichipukizi huku, kwacha! Kijitawi kule, kwacha! Mpaka mti ukawa na mviringo safi kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Mpake na losheni asije akatoka vipele," alisema mwenye bucha, jirani yake, ambaye alikuja kunyolewa mara moja kwa mwezi na kupiga soga kila siku.

"Wewe cheka tu."

"Sicheki, jirani. Nauliza tu, shanga ziko wapi? Au huyu ni dume unamsumbua bure?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, ila cha midomoni tu. Nyumbani hakula vizuri siku hiyo.

Ukweli uligunduliwa na mkewe, tena kwa kitambaa cha kufutia vioo. Msimu wa pili ulikuwa ukiisha. Alikuja kumsaidia kusafisha, akausogeza ule mti ili afute dirisha, halafu akaacha kufuta. Mkewe akiacha kazi ghafla namna ile, kinyozi huwa anaogopa.

"Baba watoto, hebu njoo."

Nyuma ya mti, pale ulipobanana na kioo, palikuwa na kishungi cha matawi kilichopinda ovyo, kibaya kutazama, ambacho mkasi haukuwahi kukifikia. Na kwenye kishungi kile kulikuwa na vitunda saba. Vilikuwa vimeungua kwa joto la kioo, vimekauka vikawa vyeusi, lakini vitunda ni vitunda.

Kinyozi alivifunga kwenye karatasi akaenda navyo mpaka kwa dada yake. Dada alivaa miwani, akavitazama, akavua miwani.

"Nilisema nyekundu na nikasema mtini. Hiki ulichoniletea ni kinyesi cha mbuzi."

Kinyozi akarudi kazini kichwa chini, akaketi kwenye kiti chake cha kunyolea, kiti ambacho hakuwa na desturi ya kukikalia. Akautazama mti kwenye kioo. Mbele, alikopita mkasi, hakuna kitu. Nyuma, ambako hakukuwahi kupita mkasi, kuna matunda. Jambo hata mtoto angeliona! Mshanga hutoa maua kwenye vijitawi vya mwaka uliopita, na yeye kila jioni alikuwa akivikata vijitawi hivyo, akivipukutisha chini na kuvisukuma kwa ufagio.

"Mama watoto," alimwambia mkewe, aliyekuwa bado akifuta vioo. "Miaka miwili nimekuwa nikifagia shanga za mama pamoja na nywele za watu."

Alilia, na hakuona haya. Mkewe alimwacha alie kidogo, kisha akauchukua ule mkasi mwembamba, akautia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Huu utaupata siku mti ukizaa."

Basi ukaanza mwaka wa mateso. Fundi umeme alimpa vipande vya waya laini wa shaba, na kinyozi akajifunza kuuzungusha kwenye tawi na kulipinda polepole, leo kidogo, wiki ijayo kidogo, tawi lielekee anakotaka bila kukatwa. Lakini vichipukizi! Vilitoka juu, vikatoka pembeni, kimoja kikaelekea mlangoni kana kwamba kinataka kwenda nyumbani. Vidole vilimwasha. Mgeni mmoja alichungulia dirishani, akaona kile kichaka kama kichwa cha mtu aliyetoka kuamka, akasita, akaenda zake kutafuta kinyozi mwingine. Hilo lilimchoma kinyozi mpaka mfupani.

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," mwenye bucha akatangaza. "Wa kwetu amezidi, hata mti wake hanyoi!"

Mchana mmoja chumba kilikuwa kitupu. Mkasi wa kazini ulikuwa mkononi, na kichipukizi kirefu kuliko vyote kilikuwa kikimtazama. Kimoja tu, nani atajua? Akafungua mkasi, akausogeza. Na hapo ndipo alipoona, kwenye kikonyo cha jani, vijidonge vya kijani vimekaa kundi, kila kimoja kama kichwa cha pini. Kwenye jani la pili vilikuwepo, na la tatu pia. Maua! Akaufunga mkasi taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga, akaanza kucheka peke yake.

Maua yalipofunguka, mti wote ulikuwa mweupe. Tatizo ni harufu. Maua ya mshanga hayanukii kama waridi, tusidanganyane.

"Jirani," mwenye bucha aliingia akiziba pua, "kuna kitu kimekufa humu?"

"Mwenye bucha ndiye unayeniuliza hivyo?"

Siku hiyo benchi nzima ilimgeukia mwenye bucha, naye akaipata. Mlango ukaachwa wazi nyuki waingie. Wateja walikaa wakiwa wamekakamaa huku nyuki wakipita masikioni. "Tulia," kinyozi aliwaambia, "huyu naye yuko kazini."

Maua yakadondoka, yakaacha vitunda vya kijani, na kinyozi akawa mtumwa wa maji. Chungu kifupi hukauka upesi, na mti ukipata kiu huvitupa vitunda vyote chini. Akamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Hata siku ya mapumziko alivaa viatu akaja kufungua mlango, akamwagilia, akafunga, akarudi nyumbani. Vitunda vikavimba. Baridi ilipoanza vikageuka rangi ya chungwa, na wiki mbili baadaye, mama yangu wee, vikawaka.

Dada alikuja na beseni kubwa na gunia la kufungia. Alikuwa amekuja kuchukua mti, hana habari ya kitu. Mwenye bucha alikuwa kitini, amenyolewa nusu kichwa. Mke wa kinyozi alikuwa akikunja mataulo.

"Haya, mdogo wangu, msimu umefika. Tusipotezeane..."

Hakumaliza. Dirishani, jua la asubuhi lilikuwa limeupiga mshanga. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito, mekundu toka juu mpaka chini, majani yakionekana kwa shida. Beseni likamponyoka likalia sakafuni.

"Mama," alisema, na hakuwa akimsemesha mtu yeyote mle ndani.

Kinyozi alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia dada siku hiyo, makali kweli kweli, ameyafanyia mazoezi mwaka mzima. Yote yakayeyuka. Alisimama tu, kifua kimejaa furaha, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Umeshinda, wewe mtoto," dada akasema.

"Ameshinda!" mwenye bucha akaruka kitini na kitambaa shingoni, akatoka mpaka barabarani na nusu kichwa chake, akiita watu waje waone. Na watu wakaja, wakajaa mlangoni.

Mkewe kinyozi akafungua mkoba. Akatoa ule mkasi mwembamba, na chini yake, kwa kuwa mwanamke huyu hakuwahi kuwa na shaka, sindano na uzi. Kinyozi akamkalisha dada yake kwenye kiti, akakata kishada kimoja tu, kutoka kile kishungi kibaya cha nyuma, akaanza kutunga. Mkufu ukawa mfupi.

"Shingo yangu imenenepa," dada akalalamika, akipangusa macho.

"Lete mkono basi."

Akaufunga kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu mkuu mstaafu akauinua mkono wake mbele ya kioo, akaugeuza huku na huku kama msichana wa miaka saba. Kisha macho yake, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakikagua mistari ya wanafunzi, yakauangukia mti.

"Ila kuna kitawi pale juu kimechomoza. Kinaharibu. Hebu lete huo mkasi nikipunguze."

Kinyozi akauficha mkasi nyuma ya mgongo.

"Dada, nakuheshimu, lakini toa mkono," alisema. "Hizo ni shanga zako za mwakani."