Viatu vya Kukulia

Viatu vilikaa juu ya meza ya jikoni, vidogo, vyeusi, vyenye manyoya ndani, na nje ilikuwa Agosti. Joto la Dubai la mwezi huo hata paka hulikimbia. Kiyoyozi kilikuwa kikiguna tangu alfajiri. Sir Astamur alivisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Vifiche kabatini kwako, Amne. Ijumaa nampeleka mtoto kwenye theluji ya mall, ile ya kutengenezwa. Madam asijue, nataka iwe zawadi ya kushtukiza."

Nikasema sawa, sir. Visa yangu ilikuwa kwa jina lake. Yeye ndiye kafeel, mdhamini wangu, na mtu hambishii kafeel wake kwa ajili ya viatu.

Nyumba ile ya Jumeirah Village Circle ilikuwa na watu wanne na mipaka mingi. Sir alikuwa mtu wa Abkhazia, madam Eka alikuwa Mgeorgia. Pwani waliyotoka ni moja. Ila kwa sir ile ilikuwa nchi yake iliyojikomboa, na kwa madam ilikuwa kipande cha Georgia kilichoporwa kwa bunduki. Walikutana hapa hapa Dubai, ugenini, wakapendana kabla hawajakumbuka kuulizana mengi. Mtoto wao, binti wa miaka mitano, alikuwa na majina mawili: baba alimwita Gunda, mama alimwita Nutsa. Aliitika yote, maskini. Mimi, nisije nikahesabiwa upande, nilimwita Kipusa.

Chumbani kwake kulikuwa na ramani ya dunia ukutani. Madam aliinunua ikiwa na Georgia nzima kwa rangi moja. Siku moja sir akachora mstari kwa kalamu. Madam akaufuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sir akachora tena, madam akafuta tena. Hawakusemezana juu ya jambo hilo, walipishana tu pale ukutani, hadi karatasi ikachubuka na mahali pale pakabaki peupe, pasipo nchi ya mtu. Kipusa akapabandika picha ya paka.

Theluji madam aliijua. Alikuwa na miaka minne vita vilipowafukuza, na mama yake alimbeba mgongoni kuvuka milima pamoja na maelfu ya wengine. Kiatu chake kimoja kikadondoka njiani. Mama hakurudi kukiokota, nyuma kulikuwa na bunduki. Ndiyo maana madam alivaa soksi ndani ya nyumba, Dubai, mwezi wa Agosti. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili. Aliniambia hayo akimenya chenza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Miezi ile nyumba ilikuwa imeharibika. Madam alitaka kurudi Tbilisi na mtoto. Sir alitaka mtoto akakulie kwao Abkhazia, kwa bibi yake ambaye hajawahi kumwona. Na huko madam asingeweza kutia mguu, maana mpaka umefungwa kwa watu wa kabila lake. Mtoto akipelekwa, ndiyo basi tena. Madam atamwona kwenye simu tu, siku ambazo wenyewe wataamua kumwonyesha.

Nikaanza kuviogopa vile viatu. Kila nikifungua kabati kuchukua leso, navikuta vinaningoja.

Jumatano, wenye nyumba wako kazini, nikamvalisha Kipusa tucheze. Mguu ulizama. Nikatia vidole nyuma ya kisigino, vikaingia vyote na nafasi ikabaki. Nikakaa sakafuni. Kwetu Kisauni mama alikuwa akininunulia viatu vya Idi vikubwa, anavijaza pamba mbele, nivikulie. Hakuna mzazi, awe wa Kisauni au wa Abkhazia, anayenunua viatu vya kukulia kwa ajili ya mchezo wa saa moja.

Nikamwendea Joanita, Mganda aliyefanya kazi nyumba ya mkabala. Yeye aliwahi kupeleka watoto wa madam wake kwenye theluji ile.

"Kule viatu wanakupa mlangoni," akasema. "Na koti. Hakuna mtu ananunua."

Nikamweleza niliyoyaona. Akafunga mlango nyuma yake.

"Amne, dada yangu, hayo ni mambo yao. Visa yako nani ameishika? Ukifungua mdomo, kesho uko Mombasa na begi lako. Fumba macho tu, khalas."

Alisema kwa kunipenda. Nami nilikuwa na wazazi walionitegemea.

Alhamisi asubuhi sir alinikuta nikiosha vyombo. "Kesho pumzika," akasema kwa upole. "Nenda Bur Dubai, ukatembee na wenzako. Mtoto nitakuwa naye mwenyewe." Mapumziko yale nilikuwa nimeyaomba tangu Ramadhani, nikinyimwa. Nilimshukuru, nikaendelea kusugua sufuria. Niliogopa, sitasema uongo.

Madam aliporudi mchana kula, nilitoa viatu kabatini nikaviweka kando ya sahani yake. 

"Vya nani?"

"Vya mtoto, madam. Sir anasema kesho wanakwenda kwenye theluji ya mall."

Alitia mkono ndani ya kiatu kimoja, akaupeleka hadi mbele, akapapasa. Akauacha humo muda mrefu. Chini ya meza niliona mguu wake wa kushoto ukijikunja ndani ya soksi.

"Asante, Amne," akasema.

Nilitarajia angempigia sir simu wagombane, au angeita polisi. Badala yake aliingia chumbani, akatoka na begi, akamwita mtoto kwa sauti ya furaha: twende tukamwone bibi wa Tbilisi. Kipusa akauliza kama baba naye anakuja. "Atakuja baadaye," akasema madam, bila kumtazama. Nilitaka mtoto asichukuliwe. Sasa alikuwa anachukuliwa mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyebeba begi hadi kwenye lifti.

Sir alirudi jioni, ndege ikiwa imeshaondoka, akaikuta nyumba kimya. Hakwenda chumbani kwa mtoto. Alikuja moja kwa moja kwenye kabati langu, akalifungua, akasimama akitazama leso zangu.

"Amevichukua?"

"Amevichukua, sir."

Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu, nangoja kufukuzwa. Yeye akaketi sakafuni, mtu mzima yule, mgongo kwenye mlango wa kabati.

"Bado ni vikubwa," akasema. "Mimi, simu yangu hapokei. Mwandikie wewe. Mwambie amvalishe soksi mbili."

Nikaandika pale pale, mbele yake. Siku hizi nafanya kazi kwa watu wengine, mtaa wa Al Muraqqabat. Baridi imekwisha kuja Tbilisi ikapita, ikaja tena. Ujumbe wangu bado una tiki moja, haujamfikia.