Jina la Mwisho Kabla ya Amina

...na umbariki Nelson na duka lake la vipuri, na mkewe Diana, na... na nani, hapo hapo ndipo Bibi Eunike alipokwama, macho kayafumba, mikono kaikunja mezani kwa mwanawe huyo, hapa mjini Lemara, mtori wa ndizi unapoa, wote wakingoja jina la mwisho, la kitindamimba wake aliyekaa ubavuni pake, na jina halipo, Bwana wee, jina la mtoto aliyemzaa mwenyewe... lilikuwepo asubuhi, lilikuwepo hata sasa hivi Nelson aliposema, fulani, zima televisheni Mama aombe, limekwenda wapi, tulia Eunike, tulia, anza mwanzo, alizaliwa mwaka ule wa foleni za sukari, uchungu ulimshika akiwa karibu kufika dirisha la duka, akakataa kutoka mstarini mpaka apimiwe kilo yake, mkunga alimcheka, mtoto akaja na nywele tele, yote anayaona, hata harufu ya sabuni ya magadi anaisikia, ila jina... siku hizi sukari imejaa kila duka, watu wanachagua, na kichwa chake ndicho kimeanza uhaba. Nelson akakohoa. Kikohozi hicho anakijua, tangu asahau birika likaungua jikoni kwake kule mlimani mtoto huyu anamvizia, na leo baada ya chakula ndiyo kikao, Mama ahamie mjini, migomba na kahawa vikodishwe, yeye awekwe chumba cha nyuma chenye nondo dirishani, akikosa jina hili tu basi, kajimaliza mwenyewe... anaweza kukwepa, aseme na wote waliobaki, amina, nani atajua, lakini si yeye aliyewafundisha kwamba Mungu si mzani wa kahawa, kwake hatupeleki kwa jumla, kila mtu kwa jina lake, na aliyefumbua macho kabla ya amina alichapwa kwa mwiko, alikuwa mkali huyu mama, hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani... akafumbua. Yeye, Eunike, akafumbua macho katikati ya sala. Nelson anamtazama, Diana anamtazama Nelson, na binti ndiye pekee aliyefumba, kafumba kwa nguvu kama alivyofundishwa, anamngoja mama yake amfikie... basi na waichukue migomba, waichukue na kahawa, huyu hatarukwa. Akamshika mkono.

“Mwanangu,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, “nisaidie. Unaitwa nani?”

“Nanyori, Mama,” binti akajibu, macho bado kayafumba.

Eunike naye akayafumba yake. “Na Nanyori, Bwana,” akaendelea, na mtori ukazidi kupoa.