Ndege wa Neno Moja

Medina alikuwa anampima mteja kiuno, pini mbili mdomoni, kanga wa porini alipotua begani mwake. Alikuwa kanga wa kawaida tu, manyoya meusi yenye madoa meupe, kichwa kipara. Alijikung'uta, akasema, "Ulichelewa."

Mteja alingoja Medina atoe pini mdomoni. "Kiunoni uache nafasi kidogo," alisema. "Siku hizi iko nakula vizuri."

Zaitun, mdogo wake Medina, alikuwa amezikwa majuzi. Uchungu ulimshika asubuhi kule Ludara, na kwenye kituo cha afya wakasema mtoto amekaa vibaya, lazima afike Arua akapasuliwe. Gari la wagonjwa lilikuwa uani, limeoshwa likang'aa, ila halikuwa na mafuta. Waliambiwa wangoje, mafuta yako njiani. Wakangoja. Jua lilipoanza kushuka Medina akaita bodaboda, akamkumbatia mdogo wake kwa nyuma mpaka Arua. Madaktari walimtoa mtoto akiwa hai. Mama yake hakuamka.

Kanga hakuwa na neno jingine. Alilisema Medina akichota maji, akiswali, akimnywesha yule mtoto maziwa. Chakula kikawa hakipiti kooni. Usingizi ukampaa. Akashona gauni la watu lenye mikono yote miwili upande mmoja.

Alimpeleka ndege mpaka Oraba, akamwacha ng'ambo ya mpaka. Aliporudi Koboko akamkuta amekaa juu ya cherehani. Ijumaa moja alimchinja, akampika kwa simsim. Kabla vyombo havijaoshwa ndege alikuwa begani tena, amenenepa, na amekuja na wenzake wawili. Mmoja alisema, "Wewe si dada." Wa pili alisema, "Na huyu mtoto utamzika."

Mumewe, Swadiki, askari mstaafu, aliwasogeza kidogo apate kukaa.

"Hii ndege ukipiga, inazaana," alisema.

"Umejuaje?"

"Yangu iko chini ya kitanda, ndani ya sanduku. Tangu nitoke jeshi."

Miaka yote hiyo Medina alikuwa anasikia sanduku likichakarika, akidhani ni panya. "Inasema nini?"

"Inataja majina ya watu." Swadiki alimshusha ndege mmoja gotini. "Arua iko nesi moja, Ritah. Anaongea na watu ya ndege. Mimi niliogopa kwenda. Wewe uende."

Kwa Ritah benchi lilikuwa limejaa watu, kila mtu na ndege wake. Zamu yake ilipofika Medina alieleza yote, na kanga akaeleza neno lake.

"Usimfukuze," Ritah alisema. "Muulize. Anasema ulichelewa. Siku ile wewe ulijua nini?"

Medina alimgeukia ndege. "Nilijua gari litakwenda," alimwambia. "Walisema mafuta yako njiani. Ningejua hayaji, ningembeba mgongoni."

Kanga alihamia bega la pili.

"Na nani alitakiwa kuweka mafuta?" Ritah alimuuliza ndege. Ndege akatazama sakafu.

"Hajui," Ritah alisema. "Ana neno moja, na neno moja si habari yote. Mpe saa yake, tuseme baada ya alasiri. Aseme, umjibu. Akija saa nyingine mwambie angoje, wewe ushone. Kula hata kama huna hamu. Usikae peke yako. Na siku akikwambia ujidhuru, usingoje saa. Mwambie mumeo, mje siku hiyo hiyo."

Haikuwa rahisi. Siku nyingine Medina alisahau, akamsikiliza kanga tangu alfajiri, kesho yake akaanza upya. Mahindi yalipokomaa wale wawili walikuwa wameondoka bila kuaga. Wa kwanza alibaki, ila alipungua hadi kimo cha njiwa. Swadiki naye alipanda gari la Arua, sanduku mapajani, na aliporudi alilirudisha chini ya kitanda, kifuniko wazi.

Siku moja Medina alikwenda kituo cha afya kuuliza swali la Ritah. Gari lilikuwa palepale uani, linaoshwa. Mkubwa wa kituo alisema mafuta yameshaombwa.

"Ulichelewa," kanga akasema.

Mkubwa alidhani anaambiwa yeye. Alijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Gari likaendelea kuoshwa.

Kwa hiyo Night Poni, jirani wa marehemu Zaitun kule Ludara, alipoingia mwezi wa tisa wa mimba, Medina hakungoja uchungu. Alimfungia nguo, akafunga cherehani, akambeba mtoto wa Zaitun mgongoni, wakapanda gari la abiria wakakaa Arua kwa shangazi yake Poni, jirani na hospitali. Poni alijifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Swadiki alipiga simu kutoka Ludara kusema hongera, na kwamba amepita kituoni, gari bado halina mafuta.

Medina alinawa mikono, akaketi nje ya wodi na sahani ya ugali wa muhogo na maharage.

"Ulichelewa," kanga alisema begani.

"Nimekusikia," Medina alimjibu. "Saa yako bado."

Ndege akaficha kichwa chini ya bawa. Medina akamega tonge, akala, akamega jingine, na katikati ya sahani akagundua kwamba ana njaa.