Chupa Sita za Mzee Rutashobya

Jumanne saa nne asubuhi Kokuhirwa alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la Renatha, karibu na soko la Bukoba, mkoba kwapani, akisoma kwa mara ya tatu barua ya wakwe. Barua ilichapwa kwa kompyuta ikapigwa lamineti, kwa sababu Mzee Rutashobya wa Kashozi, baba wa bibi harusi mtarajiwa, alikuwa afisa elimu kabla ya kustaafu na hakupenda karatasi zake zikunjwe. Ilitaja mtungi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, majembe mawili, blanketi la bibi, kanzu ya babu, na kwenye namba tano: "Mvinyo mwekundu, chupa sita, aina ya Belamonti, kama ule ulioletwa kwa jirani yetu Kyaruzi alipoozesha binti yake, au unaouzidi kwa bei."

"Elfu themanini na tano," alisema Renatha, akiishusha chupa kwenye rafu kwa mikono miwili.

"Wiki iliyopita ulisema elfu sitini."

"Wiki iliyopita ilikuwa elfu sitini, waitu. Dola imepanda. Na huko Ulaya wanasema mvua imegoma."

Renatha alipokuwa akiifuta vumbi simu yake iliita. Alisikiliza, akasema asante, akachukua kalamu na kuandika laki na kumi. Kokuhirwa akairudisha barua mkobani kabla simu haijaita tena.

Alikuwa shangazi wa bwana harusi, Julius, fundi wa pikipiki pale Hamugembe. Baba yake Julius alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mzigo wa posa ulimwangukia dada wa marehemu. Na posa hii ilikuwa imekwama mara mbili. Mara ya kwanza mtungi wa rubisi ulifika saa saba badala ya saa sita. Mara ya pili blanketi la bibi lilikuwa la mistari. Mzee Rutashobya alisema ya tatu ndiyo ya mwisho, kwani Elieth binti yake alikuwa akiulizwa na watu wengine, mmoja wao mwenye gari. Julius na Elieth walikuwa wamependana miaka minne, na sasa Julius alikuwa amekonda mpaka ovaroli lilimpwaya, na wateja wakaanza kumpa ndizi za kuchoma pamoja na malipo. Kokuhirwa alimpenda kijana huyo kuliko alivyokubali kusema, na alimwonea huruma sana.

Lakini Kokuhirwa alijua vinywaji. Tangu usichana wake watu wa Kamachumu walimwita aonje rubisi kabla haijatoka kwenda sherehe yoyote, na kwa funda moja aliweza kutaja mtama ulikotoka, na kama mwanamume aliyekanyaga ndizi alikuwa amegombana na mkewe siku hiyo. Mtu wa namna hiyo hakosi mvinyo mzuri wa bei ya kibinadamu. Kwa siku tatu alizunguka maduka ya Bukoba akinunua chupa ndogo ndogo, akaonja akiwa amekaa kwenye benchi nje, na kila baada ya chupa alitafuna buni moja ili kusafisha ulimi. Aliandika katika daftari la kwaya. Wa elfu tisa: "Kutu." Wa elfu kumi na mbili: "Dawa ya kikohozi, ila hautibu." Wa elfu kumi na nne, kutoka Dodoma: "Huu ni mzuri. Una adabu." Mwishoni Renatha alimwonjesha masalio ya Belamonti aliyoyaacha mteja mmoja, naye akaandika: "Ni kama ule wa elfu kumi na nne, umevaa suti."

Akampigia simu Mzee Rutashobya kumweleza habari njema ya Dodoma.

"Dodoma nimefanya kazi miaka minne, mama," alisema Mzee kwa upole. "Siwezi kunywa kitu ninachojua kinakotoka."

Ijumaa asubuhi, akiwa nyumbani Kamachumu, Kokuhirwa aliingia kibanjani kutafuta ndizi za mchana, akakuta mgomba ulio nyuma ya jiko umezaa chupa.

Ulikuwa mgomba wa ndizi za pombe, wa kawaida, aliopanda mwenyewe. Mkungu ulikuwa na chane tano, kila chane chupa saba, shingo zikitazama juu, kila moja na kizibo chake. Chupa za chane ya chini zilikuwa bado ndogo ndogo. Kokuhirwa aligonga moja kwa ukucha, akatikisa kichwa, akaenda kukata ndizi za mchana kwenye mgomba mwingine, maana watu walikuwa na njaa.

"Wa kwangu ulizaa chupa mwaka ule wa korona," alisema jirani yake Georgina kutoka upande wa pili wa ua. "Ila zilikuwa tupu."

Jumamosi bwana shamba alikuja na pikipiki. Alizihesabu chupa, akachanja shina kwa kisu, akanusa, akatazama jani moja moja kwa muda mrefu huku watu wa nyumba tano wakimsubiri. Kisha akaandika kwenye fomu yake: "Si mnyauko." Watu wakashukuru Mungu, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa umemaliza vibanja vingi kule chini. Bwana shamba alishauri samadi ndoo mbili na akaondoka. Kufikia Jumapili migomba mingine minne ilikuwa imezaa vilevile.

Kokuhirwa aliukata mkungu wa kwanza, akauzika katika shimo lenye majani makavu yaliyopashwa moto, kama anavyoivisha ndizi za pombe siku zote. Chupa mbichi zina ukakasi. Siku ya tano alifukua akakuta kioo kimekuwa cheusi na mvinyo ndani mwekundu kama buni iliyoiva. Alisukuma kizibo kwa mpini wa mwiko, akamimina kwenye kikombe cha bati, akaonja. Akaleta kopo la senene wa msimu uliopita, akala wachache, akaonja tena. Mvinyo uliwakubali senene. Ulikuwa na harufu ya udongo wa kibanja baada ya mvua, na nyuma yake, kwa mbali, kulikuwa na ladha ya kahawa ya kutafuna ambayo marehemu mama yake alikuwa akiifunga katika jani la mgomba. Machozi yalimlengalenga. Katika daftari la kwaya aliandika: "Huu."

Jumamosi msafara ulifika Kashozi saa sita kasorobo. Rubisi ilikuwa imefika, blanketi lilikuwa la maua, na chupa sita zilikuwa ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Sebuleni kwa Mzee Rutashobya, juu ya kabati la vyombo, vitambaa sita vya kufuma vilikuwa vimeshatandikwa kwa mstari, vikisubiri chupa tupu za kuonyesha wageni. Dirisha la sebule hiyo lilitazama dirisha la Kyaruzi, ambako chupa kama hizo zilikuwa zimesimama tangu mwezi wa sita.

Mzee alionja. Alifumba macho. Aliomba kikombe cha pili, kisha cha tatu, kisha akaimba ubeti mzima wa wimbo wa Kilatini aliofundishwa na mapadre akiwa darasa la nne, sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kutoka kinywa kimoja. Mke wake alisema hajamsikia akiimba hivyo tangu siku ya harusi yao. Elieth, aliyekuwa mlangoni na sinia la kahawa, alimtazama Julius, na Julius akaanza kunenepa palepale. Ovaroli alilolivaa ndani ya suti kwa kuogopa baridi lilitoa kifungo kimoja.

"Mliuziwa shilingi ngapi?" Mzee aliuliza.

"Hatukuuziwa, waitu," alisema Kokuhirwa. "Umezaliwa kibanjani kwangu, Kamachumu."

Mzee alikiweka kikombe mezani. Alitoa leso mfukoni, akapangusa ulimi, mbele na nyuma.

"Basi huu si mvinyo," alisema. "Mimi ni mtu niliyesoma, mama. Nawapa wiki moja."

Julius alirudi kukonda wakiwa bado njiani.

Kule Kamachumu mikungu minne iliyobaki ilianza kuivia mgombani. Vizibo vilifyatuka vyenyewe mchana, nyuki wakalewa, na mbuzi wa Georgina wakawa wanalala njia nzima. Jumatatu akaja Rutaihwa, mnunuzi wa ndizi na kahawa, na lori lake. Alizunguka migomba yote minne mikono nyuma.

"Elfu nane mkungu," alisema.

"Rutaihwa, hizi si ndizi."

"Naona. Lakini zimetoka kwenye mgomba."

Kokuhirwa alimwambia aonje, Rutaihwa akaonja, akasema ni mzuri sana, na mkungu ni elfu nane. Kokuhirwa alikasirika. Alitaja chupa ishirini na nane za chane nne kubwa katika kila mkungu, achilia mbali zile ndogo. Rutaihwa alimsikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho. Nyuma yao kizibo kingine kikafyatuka. Kokuhirwa akachukua elfu thelathini na mbili, na lori likaondoka polepole kuelekea mjini, chupa zikilialia kwenye kila shimo la barabara.

Ijumaa alikuwa tena mbele ya kaunta ya Renatha.

"Una bahati, mzigo mpya wa Belamonti umeingia leo," alisema Renatha. "Laki na arobaini."

Kokuhirwa aliipokea chupa. Lebo ilikuwa ya dhahabu, yenye picha ya jumba na mbwa wawili, na gundi yake ilikuwa haijakauka. Aliigeuza. Kwenye kitako kulikuwa na kovu dogo jeusi, la mahali kitu kinapotengana na chane yake, na pembeni mwa kovu doa la kahawia la utomvu wa mgomba, lile lisilotoka hata ukifua kwa sabuni gani. Alikuwa na doa kama hilo kwenye upindo wa gauni alilovaa. Akaviweka pamoja, chupa na upindo, juu ya kaunta.

"Huu ni utomvu, Renatha."

Renatha aliinama akatazama kwa makini.

"Kweli ni utomvu," alisema. "Siku hizi yote inatoka hivyo huko Ulaya. Nikufungie sita?"

Ilibidi auze kahawa ya kibanja kizima ikiwa bado maua, kwa ile biashara ya butura ambayo serikali imeikataza na ambayo kila mtu anajua mlango wa kuigongea. Mlango ulikuwa wa Rutaihwa. Alimkaribisha chai.

Kesho yake Mzee Rutashobya aliuliza bei kwanza. Alipoambiwa, alivaa koti. Kisha akaonja, akafumba macho, na wimbo ule ule wa Kilatini ukamtoka kwa sauti mbili, ukifuatwa na ya tatu, nzito, iliyotoka upande wa kabati. Alipomaliza alilia waziwazi, akamwita Julius mwanangu, akamwita Elieth aje aketi karibu na mume wake. Vifungo vya Julius viliruka vyote. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kwa Kyaruzi wakafunga dirisha.

"Unaona tofauti, mama?" Mzee alimwambia Kokuhirwa, akimshika mkono kwa mapenzi ya kweli. "Ule wako haukuwa mbaya. Lakini huu unaonja kabisa kwamba umetoka mbali."

"Umefika Kashozi mara mbili," alisema Kokuhirwa.

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Chupa tupu zikapandishwa kabatini, kila moja kwenye kitambaa chake, na baada ya wiki vitambaa vyote sita vilikuwa na doa la kahawia ambalo mke wake hajafanikiwa kulitoa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, chipukizi la mgomba ule wa nyuma ya jiko lilizaa. Safari hii chupa zilikuja na lebo zake za dhahabu, jumba na mbwa wawili, na bei imechapwa kabisa kwa wino mweusi: 140,000. Rutaihwa alivaa miwani, akasoma lebo moja baada ya nyingine, chane zote tano, akavua miwani.

"Elfu nane," alisema.

Kokuhirwa hakubishana. Alichukua panga, akakata chane ya juu, akaiweka kando ya mlango wa jiko.

"Hii haiuzwi."

"Mkungu uliopungua chane ni elfu sita," alisema Rutaihwa, akazihesabu.

Jioni hiyo senene walikuwa wameanguka kwa wingi. Kokuhirwa aliwakaanga na chumvi, akafungua chupa kwa mpini wa mwiko na kumwita Georgina, ambaye alipitia penye uwazi wa ua kama kawaida, akakaa juu ya gogo linalotazama mgomba wenyewe, ule ambao asubuhi alikuwa ameushikilia kwa bega wakati mkungu unakatwa. Walikunywa vikombe viwili. Georgina alilamba midomo.

"Mtamu, waitu," alisema. "Kumbe huu ni wa shilingi ngapi?"

Kokuhirwa alimtazama. Alitafuna senene wawili kabla hajajibu.

"Laki na arobaini."

Georgina akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mgongo, akakishika kikombe kwa mikono miwili.