Kasha la Saa za Sura Moja

Tiki-tiki, tiki-tiki, nyingi kwa pamoja, na hakuna inayomsubiri mwenzake. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha Jumamosi ile, alfajiri, giza tupu, umeme umekatika na malori yamezima injini kwenye foleni ya mpakani. Nikavuta kasha kutoka chini ya kitanda, nikafungua kifuniko, nikapapasa mpaka pembe ya kulia. Saa iliyokuwa pale nikaifunga mkononi. Taa ya nini? Ya pembe ya kulia ndiyo ninayoiacha kwenye saa ya Zambia. Nyingine zote zinafuata ya kwetu Tanzania, ambayo imewatangulia kwa saa moja.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda kuposa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Msichana anaitwa Nesta, ni Mnamwanga wa upande wa Zambia. Walituita saa nne kamili ya kwao.

Kasha lina saa tisa. Zote za mviringo, uso mweupe, mishale myeusi, mkanda wa ngozi ya kahawia, na zote za kujaza kwa mkono kila asubuhi. Nimezipata moja moja kwa madereva wa malori, maana kazi yangu ni kupeleka nyaraka za mizigo kati ya ofisi ya wakala na forodhani, na dereva aliyekaa foleni muda mrefu huuza chochote. Nilipopata ya kwanza niliona hii ndiyo saa. Nilipopata ya pili niliona tena hii ndiyo saa. Mtu akishajua anachokipenda, atafute kingine cha nini?

Rafiki yangu Gasper, anayebadilisha kwacha na shilingi pale mpakani, hakubaliani nami. Yeye anazo za kila namna: ya dhahabu isiyo dhahabu, ya kikokotoo, ya dira, ya tarakimu zinazowaka kijani, mpaka ya mzamiaji wa baharini.

"Utazamia wapi, Gasper?" huwa namuuliza. "Kwenye dimbwi la kijiji cha Mpemba?"

"Afadhali mimi nina dimbwi," hunijibu. "Wewe una saa moja, umeinunua mara tisa."

Neno hilo huniunguza kila anapolisema, na analijua, ndiyo maana halichoki mdomoni mwake. Ijumaa jioni alikuja kwangu nikiwa napiga pasi shati la posa. Alizitoa saa zangu zote kwenye kasha, akaziweka kitandani, akazipiga picha, akawatumia wenzake wanaopenda saa, kisha akakaa kunisomea majibu yao huku akicheka mpaka anakohoa. Nilimwambia arudishe alichokitoa aende zake. Akarudisha. Akaenda.

Basi asubuhi tukakutana kwa baba mdogo Efraimu, aliyekuwa msemaji wetu. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Gasper, aliyekuja amevaa ile ya dhahabu lakini imesimama. Hiyo huivaa kwa mng'aro tu. Baba mdogo alitazama simu yake.

"Hapa inasema saa mbili na nusu. Hii ni ya kwetu au ya kwao?"

Swali hilo huulizwa hapa kwetu Tunduma kila siku. Simu zetu zikishika mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma zenyewe, zikishika wa kwetu hurudi mbele, bila kumuaga mtu. Nikatazama mkono wangu. Saa mbili na nusu.

"Yangu ni ya Zambia na inasema hivyohivyo," nikamwambia. "Ina maana simu yako imeshavuka mpaka kabla yako."

"Kwa hiyo kwetu ni saa tatu na nusu?"

"Ndiyo, baba mdogo. Tuondoke."

"Mbona jua kama bado changa?"

"Kuna mawingu."

Tukavuka, na foleni ya kuvuka ikatula saa nzima. Upande wa pili, tukiwa tunapita katikati ya wauza vitumbua na vijana wa pikipiki, baba mdogo akasimama tena na simu yake.

"Ambwene, hii imerudi nyuma. Inasema saa mbili na nusu tena."

"Izime. Simu za mpakani hazina adabu."

"Una hakika?"

"Baba mdogo, nina saa tisa nyumbani. Nikikosa hakika mimi, nani atakuwa nayo?"

Akaizima. Hata alinitazama kwa fahari, na mimi nikatembea mbele kifua wazi.

Tulifika kwenye lango la kina Nesta saa yangu ikikaribia nne. Tukabisha. Kimya. Tukabisha tena, nikasukuma lango kidogo nione kama kuna mtu, na hapohapo jogoo mwekundu akatoka kasi nyuma ya nyumba, na nyuma yake sauti ya mwanamke: "Mshikeni! Mshikeni huyo, atatokea barabarani!"

Nilimdaka. Nimekulia kijijini, Mkwajuni, jogoo hanipiti. Nilipoinua uso, mbele yangu alikuwa mama mtu mzima, kitenge kimoja amekifunga kifuani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, anahema. Kwa adabu zangu zote nikampa jogoo kwa mikono miwili. Akampokea kwa mikono miwili. Vidole vyetu vikagusana.

Kisha akamwona baba mdogo amevaa koti na tai, akamwona Gasper na kifurushi cha posa, akanitazama tena mimi.

"Mayo!" akalia, yaani mama wee, akamwachia jogoo, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili na kukimbilia ndani.

Baba mdogo alifumba macho. "Huyo," alisema polepole, "ni mama yake."

Kwa ukoo wa Nesta, mwanamume anayeposa hatazamani na mama mkwe mpaka siku atakayopikiwa na kukaribishwa rasmi. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Mimi nilikuwa nimempa kuku mkononi.

Aliyetoka ndani alikuwa baba mkubwa wa Nesta, mzee Yonasi, fulana ya ndani, povu la sabuni bado liko shingoni.

"Nyie ni wageni au polisi?" akauliza.

"Tumekuja kwa ahadi, mukwai," baba mdogo akajibu kwa neno la heshima la kwao. "Saa nne."

"Ndiyo, saa nne. Sasa ni saa tatu. Mmekuja kutuchungulia tunavyooga?"

Sikuvumilia. "Mzee, saa yangu ni ya Zambia, inasema saa nne."

"Kijana, hii nyumba iko Zambia. Mimi niko Zambia. Hata huyo jogoo yuko Zambia. Saa yako peke yake ndiyo imebaki Tanzania. Tokeni mwende barabarani, msimame mpaka ifike nne ya wenye nyumba."

Tukasimama. Malori yalipita yakitumwagia vumbi kwenye viatu tulivyovipiga rangi, na watoto wakakaa ukingoni kututazama kama maonyesho. Nikamgeukia Gasper.

"Jana ile ya kulia uliirudisha kulia?"

"Ipi ya kulia?"

"Ya pembeni!"

"Kaka, nilizimwaga kitandani kama viazi. Ikishamwagika, kila moja ni ya kulia na kila moja ni ya kushoto. Mimi ningezijulia wapi? Kwa harufu?"

"Ungeniuliza!"

"Ungenitolea hotuba. Hebu niambie wewe mwenyewe, bila kutazama inasema saa ngapi: hiyo uliyovaa ni ya ngapi?"

Nikaitazama ile saa. Nikatazama uso wake mweupe, mishale yake, mkanda wake. Ya dereva wa Kongo? Ya yule dereva mzee wa Kapiri? Sikujua. Wallahi sikujua, mimi niliyezijaza zote kwa vidole vyangu kila asubuhi, na hilo lilinikasirisha kuliko Gasper, kuliko vumbi, kuliko watoto.

"Yako ya dhahabu inasema saa ngapi?" nikamrudishia, maana nilitaka naye aumie.

"Imekufa. Lakini hakuna anayeichanganya na nyingine."

"Nyamazeni wote wawili," baba mdogo akasema. "Nimesimamia posa nyingi. Kuchelewa najua kujitetea: nasema mto ulijaa, nasema gari liliharibika. Kuwahi nitajiteteaje? Niseme mto ulikauka?"

Saa ya wenye nyumba ilipofika tuliitwa, lakini hatukuingizwa ndani. Tuliwekewa viti uani. Mzee Yonasi sasa alikuwa na koti. Baba mdogo alieleza yote, na kila alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuonekana wajinga. Mzee akataka kuiona saa. Nikaivua nikampa.

"Unazo ngapi?"

"Tisa, mzee."

"Na nyingine zikoje?"

"Kama hiyo."

"Kama hii namna gani?"

"Kama hiyo hasa."

Akainama, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia kwa hasira, kumbe anacheka. "Mtu akiwa na ng'ombe tisa weupe, huwatia alama masikioni," akasema.

"Saa haitiwi alama, mzee. Ukiikwaruza umeiharibu."

Baba mdogo alinibana mguu kwa kisigino chake.

Mzee Yonasi akanirudishia saa, na kicheko kikaisha. "Kifurushi chenu mtarudi nacho. Hatuwezi kufungua maneno leo. Mama mtoto amejifungia, anasema hawezi kukaa kwa heshima akiposwa mwanawe na mtu aliyekwisha kumwona nywele. Kama kuna siku nyingine, ataitaja yeye. Kama haipo, haipo."

Kama haipo, haipo. Nilitaka kusimama niseme, nilitaka kupiga kelele kwamba miaka yote hii ya kwenda na kurudi mpakani kwa ajili ya Nesta haiwezi kuzikwa na jogoo. Lakini posa haina nafasi ya mposaji kusema.

Nesta alitufuata kando ya nyumba, karibu na dirisha lililofungwa pazia. Baba mdogo na Gasper wakatangulia langoni, wakatupa mgongo. Macho ya Nesta yalikuwa mekundu, lakini sauti yake haikuwa ya kilio.

"Mpaka lini, Ambwene?"

"Ni Gasper aliyezichanganya."

"Gasper ataishi nasi?"

"Hapana."

"Mimi nitaishi nawe. Ukiwa bafuni ukaniambia, 'Nesta, niletee saa yangu ya Zambia,' nitaleta ipi?"

"Ya pembe ya kulia."

"Na mtoto akizichezea?"

Hasira ikanipanda upya, maana kila mtu siku hiyo alikuwa na neno juu ya kasha langu, na kila neno lilikuwa na mahali pa kuchomea. "Kwa hiyo unataka niwe kama Gasper? Nijaze dira na vikokotoo? Kasha lake ni meza ya mnadani, Nesta. Kila saa iko pale kwa sababu haifanani na iliyopita, basi. Haipendi hata moja. Mimi zangu nazipenda."

"Unaipenda moja. Nyingine nane unaogopa tu isije ikapotea." Akashusha sauti. "Unajua shangazi zangu wanasema nini huko ndani? Wanasema mtu anayetaka kitu kimoja kisibadilike, mke akinenepa atamrudisha. Wananiuliza mimi. Nami nimekosa jibu la kuwapa."

Hilo lilinifika. Nilitafuta hasira yangu nikaikuta imeishiwa nguvu. Nilifikiri. Kwa nini Gasper zake zote zitofautiane na mimi zangu zote zifanane? Tofauti ya kuonyesha watu ni upuuzi, hilo bado nalisema na nitalisema hata mbele yake. Lakini mimi huamka upande huu na kufanya kazi upande ule. Hunyeshewa na mvua nikiwa na nyaraka mkononi, na Jumapili huenda kanisani. Maisha yangu yenyewe hayana sura moja. Kwa nini kasha langu liwe nayo? Saa isiyofanya chochote ambacho mwenzake haifanyi, ile haikukusanywa. Imerundikwa tu.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kidogo, kikohozi cha kujulisha, kisha akanong'ona maneno kwa lugha yao. Nesta akatazama dirisha, kisha akanigeuza kwa mabega mpaka nikawa nimelipa dirisha mgongo.

"Mama anasikia," akanong'ona. "Anauliza: nikiwapa siku, nitajuaje kwamba hatanikuta tena uani?"

Hairuhusiwi nimjibu moja kwa moja. Kwa hiyo nilimjibu Nesta, lakini kwa sauti ya kufika ndani, na hata Gasper langoni akageuka.

"Mwambie mama, kabla ya mwezi huu kuisha, ndani ya kasha langu haitabaki saa inayofanana na mwenzake. Zinazofanana nitazigawa au nitaziuza, nitabaki na ile ya kwanza. Nyingine nitakazoweka, kila moja itakuwa na kazi yake, na ya Zambia itakuwa na sura ambayo hata wewe ukiipapasa gizani utaijua. Na siku atakayotuita, mwambie, sitapita lango hili kwa saa yangu mwenyewe. Nitasimama upande wetu wa mpaka, na sitainua mguu mpaka mtu wa nyumba hii aje anishike mkono aseme, sasa ni nne, njoo."