Mgeni Rasmi wa Mochwari

1.

TANGAZO

Wananchi wote wa Kata ya Mikonga mnatangaziwa kuwa jengo la kuhifadhia maiti katika kituo chetu cha afya LIMEKAMILIKA.

Ni MARUFUKU kulitumia kabla ya kuzinduliwa.

Tarehe ya uzinduzi mtatangaziwa.

Ofisi ya Mratibu wa Mradi

2.

Limekamilika, ni marufuku kulitumia. Soma tena, usione haya.

Mimi ni Odilia Libenanga, katibu wa kamati ya ujenzi. Nimehudhuria semina ya Utangulizi wa Misingi ya Usimamizi wa Miradi, chai na andazi asubuhi, wali kuku mchana, cheti kina muhuri. Kwa hiyo wewe unayesoma kaa vizuri, leo nakufundisha mimi. Maswali mwisho.

3. Mradi ni nini?

"Mradi," alisema Bwana Mrutu, mratibu wetu, "ni kazi yenye mwanzo, yenye mwisho, na yenye matokeo yanayoonekana."

Akatuambia turudie. Tukarudia kama watoto wa chekechea.

Sasa mfano. Mama yangu, Kandida. Mwanzo alishaupata zamani. Mwisho ulikuwa unampanda kutoka miguuni, miguu imevimba, moyo umechoka. Matokeo aliyoyataka yalikuwa moja tu:

"Yustina auone uso wangu kabla hamjanifunika."

Yustina ni mdogo wangu, kitinda mimba, anafanya kazi za ndani Maskati. Baba alipofariki tulizika kesho yake, maana joto la bonde letu halimngojei mtu. Yustina alikuta udongo. Mama hakuisahau siku ile. Ndiyo sababu, kamati ilipoitisha nguvu za wananchi, yeye na miguu yake ile alichota maji ya kuchanganyia zege. Ukimwambia pumzika, anakujibu, "Niache, najijengea."

4. Wadau

Bango kitita limebandikwa ukutani. Bwana Mrutu ana kalamu nyekundu.

— Wadau ni akina nani?
— Serikali.
— Wafadhili.
— Mkandarasi.
— Vizuri. Na wanufaika?

Kisha mtu nyuma kabisa:

— Marehemu.

Tukacheka mpaka andazi likanipalia.

— Mmewashirikisha? aliuliza Bwana Mrutu.

Mzee Athanas, mlinzi wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Maiti haulizwi sanda," na Bwana Mrutu akafunua ukurasa mwingine.

5. Vihatarishi

Tuliorodhesha mafuriko. Tukaorodhesha saruji kupanda bei na nondo kuibwa.

Kimoja hatukukiandika. Hakuna aliyekifikiria.

6.

(Yaliyosikika kwenye mashine ya kusaga.)

— Wamesema mkubwa wa kuzindua haji tena.
— Ana udhuru.
— Udhuru gani? Anaogopa. Shule alikuja, kisima alikuja, hata choo cha soko alikata utepe.
— Sasa we ungekata?
— Nikate utepe wa mochwari? Nimekuwa kichaa? Anayeufungua mlango ule anaambiwa karibu.
— Basi aje mwingine.
— Mwingine naye kaugua ghafla. Malaria.
— Malaria ya utepe hiyo.

7.

Kwaya imefanya mazoezi. Utepe umefungwa mlangoni, mwekundu, umeanza kupauka kwa jua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni

8.

(Ujumbe wa sauti wa Yustina, kwenye simu yangu, Jumapili.)

"Dada, mama mwenye nyumba amenirudishia pasipoti. Nimelia mpaka naye akalia. Napanda ndege Jumatano. Mwambie mama asiende popote. Mwambie nimemnunulia kitenge cha kijani, kile alichokitaka. Mwekee simu sikioni, dada. Mama? Mama, ni mimi. Nisubiri."

Nilimwekea simu sikioni. Alitabasamu. Akaniambia niicheze tena, nikaicheza.

Jumatatu asubuhi, uji ukiwa bado unapoa, mama akafa.

9. Utekelezaji

Mochwari nyingine iko mjini, ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa chini ya maji. Nenda kaangalie kwenye orodha yetu ya vihatarishi, mafuriko yamo, tena ya kwanza. Kuyaandika tuliyaandika.

Nikaenda kituoni na kanga ya msiba kiunoni. Mganga mfawidhi akaniambia ufunguo hana, jengo bado liko chini ya mradi. Nikamkuta Bwana Mrutu nje ya mlango wenye utepe. Ndani kitu kilikuwa kinaunguruma kwa umeme wa jenereta.

"Pole sana, dada Odilia."

"Asante. Hiyo mashine ya baridi inafanya kazi."

"Iko kwenye majaribio."

"Basi ijaribuni kwa mama yangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nielewe, dada yangu. Nikiingiza mwili leo, mgeni akija anazindua nini? Mratibu aliyenitangulia alifungulia watu bomba la maji kabla ya uzinduzi. Kwa sababu ya kiu tu. Yuko wapi sasa? Mimi nina watoto wanasoma."

"Shida ni mgeni rasmi?"

"Ni mgeni rasmi tu. Akipatikana hata leo, mimi nafungua."

"Amepatikana. Yuko nyumbani kitandani. Hana udhuru, hana malaria, wala hauogopi mlango huu. Maji ya zege la hapo unaposimama alichota yeye. Niwaambie wamlete?"

Aliangalia chini. Nadhani alitaka kulia, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo.

"Ngoja niwapigie wilayani," alisema.

Alipiga. Wilayani walisema suala linashughulikiwa.

10. Ufuatiliaji

Jumatatu mchana: barafu ya wauza samaki. Ilitosha kifuani tu.

Jumatatu jioni: suala linashughulikiwa.

Jumanne asubuhi: barafu imeisha soko zima. Wanawake wanapepea kwa zamu. Tumechoma ubani. Tumeongeza ubani.

Jumanne mchana: suala lina

Jumanne alasiri ukoo ulikaa. Baba mdogo Ewald akanivuta pembeni, akanishika mabega yote mawili.

"Mwanangu, tumejitahidi. Yustina tunampenda wote. Lakini mama yako sasa ameanza ku



11.

Tukazika.

12.

Yustina alifika Ijumaa. Alivuka mto kwa mtumbwi, sanduku kichwani, viatu mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Niliogopa kumwambia kwa simu, nikasema nitamwambia akifika, na alipofika aliona turubai la msiba akaelewa mwenyewe.

Hakupiga kelele. Nilimpeleka makaburini. Wazazi wetu wamelala bega kwa bega.

"Lipi?" aliuliza.

Nikamwonyesha lenye udongo mbichi. Akatoa kitenge cha kijani kwenye sanduku, akakitandika juu, akakaa pembeni yake kwenye matope. Niliumia kuliko siku tuliyozika.

13.

TANGAZO

Uzinduzi wa mochwari utafanyika KESHO JUMAMOSI. Mgeni rasmi AMEPATIKANA. Wananchi wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa. Kutakuwa na kwaya na vinywaji.

14. Kufunga mradi

Mgeni rasmi alikuwa mwakilishi wa mwakilishi. Kijana wa watu, suti imemzidi mabega, macho hayatulii. Walimvusha kwa boti.

Tulikaa chini ya turubai. Ni lilelile la msiba wetu, kata nzima tuna moja. Kwaya ikaimba. Soda zikagawiwa, na jamani, zilikuwa za baridi, chupa zinatoa jasho. Watu wakashangilia. Umeme wa mitaani ulikuwa umekatika tangu mvua zianze, soda ya baridi tulikuwa tumeisahau. Baba mdogo Ewald alikunywa mbili.

Ukafika wakati wa utepe. Mkasi ukaletwa kwenye sahani, umefunikwa kitambaa cheupe.

Kijana aliweka mikono nyuma. "Kwa heshima ya wenyeji, namwomba mwenyekiti wa kamati akate kwa niaba yangu."

Mwenyekiti akasema yeye angependa kumpa nafasi mtendaji wa kata. Mtendaji akakumbuka kuwa wanawake wamejitolea sana katika mradi huu.

Sahani ikaja kwangu.

Nilikuwa na risala mkono mmoja. Mkono wa pili nikashika mkasi. Kila mtu alinitazama, na kila mtu alirudi nyuma kidogo.

Kisha Yustina akainuka kwenye mkeka wa wafiwa.

Hakuniomba mkasi. Aliinama, akapita chini ya utepe. Mzee Athanas alikuwa mlangoni na ufunguo. Alimtazama Bwana Mrutu, akamtazama Yustina, akafungua.

Tulimwona wote, mlango ulibaki wazi. Alivuta droo ya kwanza.

Kreti za soda.

Akavuta ya pili. Maji ya chupa, ya meza kuu.

Ya tatu ilikuwa tupu. Ndefu kiasi cha mtu. Yustina akalaza kiganja kwenye bati lake, akakiacha pale.

"Dada," alisema. "Hapa ni baridi."

Nyuma yangu nilisikia chupa inawekwa chini taratibu, kisha nyingine. Baba mdogo Ewald alitoka mbio nyuma ya turubai, tukamsikia anatapika.

"Baridi kabisa," alisema Yustina. Aligeuka, akamwangalia Mzee Athanas. "Tangu lini?"

Mzee alivua kofia yake ya ulinzi.

"Tangu kabla, mwanangu."

Kabla.

Bwana Mrutu alikuwa amekaa na mikono magotini. Mshereheshaji, ambaye hakuwa ameelewa kitu au alikuwa ameelewa kila kitu, akachukua kipaza sauti.

"Tunaendelea na ratiba. Katibu, risala."

15. Risala

Ndugu mgeni rasmi,

Sisi wananchi wa Kata ya Mikonga tunayo furaha

Sisi wananchi wa Kata ya Mikonga

Ndugu mgeni rasmi, mradi huu ulianza, na leo umefika mwisho, na matokeo yake yanaonekana. Droo ya tatu iko wazi, unaweza kusogea uone.

Mafanikio: mashine inapoza.

Changamoto:

16.

Hapo ndipo nilipofika.

Yustina bado ameweka kiganja kwenye bati. Utepe bado umefungwa, mkasi ninao mimi. Watu wote wananisubiri nisome. Na wewe pia.

Changamoto: